Sura ya Saba: Mkono Mzee na Mshono Mpya

Katika pande za mashariki za Walikale, huko Kivu ya Kaskazini, mahali ambapo msitu mkubwa wa Kongo hupanda milima ya kuelekea Lubero, ipo Buleusa, katika nchi ya Ikobo, ambayo jina lake halitajwi sana mbali na hapo isipokuwa watu wanapolazimika kuhama, kama ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2015 na katika mwaka uliofuata, wengine wakiingia kwa makundi kutafuta amani na wengine wakitoka kwa kuikosa. Mwanamke anayehama kwa ghafula haondoki na shamba lake la mihogo wala migomba yake. Hata mashini ya kushona, ikiwa Mwenyezi Mungu amemruzuku kuwa nayo, ni chuma kizito kisichobebeka pamoja na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Lakini sindano huchomekwa katika pindo la kikwembe, uzi ukazungushwa katika kijiti, na vyote viwili vikafika Luofu, au Kanyabayonga, au Kirumba, pamoja na mwenyewe na elimu ya vidole vyake.

Buleusa si mji wenye sifa ya darizi, wala sidai kwamba unayo. Nimeutaja kwanza kwa kuwa jambo ninalokusudia kulieleza huonekana huko waziwazi kuliko katika miji yenye maduka ya nyuzi na madirisha ya vioo: mshonaji wa umri mrefu, apende asipende, hupitishwa katika mitindo mingi, na kila mtindo mpya humkuta tayari ana kitu mkononi. Wengi katika wale wanaojitolea kufundisha kazi ya sindano hulisahau hili, wakamketisha bibi wa miaka hamsini na mitano sawa na msichana wa miaka kumi na miwili, wakampa kipande cha kitambaa cheupe na kumwambia, "Leo tutajifunza kupiga bandi."

Kuna maneno mawili yanayosemwa mara kwa mara na watu wenye nia njema. La kwanza ni kwamba mwenye sanaa ya asili heri aishike hiyo hiyo, asiichanganye na za wageni. La pili ni kwamba mtu aliyekwisha kuvuka nusu ya umri wake akashika mshono asioujua hujitia katika mchezo wa watoto. Neno la kwanza hukanushwa na tarikhi, na la pili hukanushwa na mwili wa mwanadamu wenyewe.

Tuanze na tarikhi. Watu wa misitu ya mashariki ya Kongo walikuwa wakijisitiri kwa magome ya miti yaliyopondwa hata yakalainika, kabla ya misafara ya pwani, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora na Ujiji na kuvuka Tanganyika, haijafika Kasongo na Nyangwe katika nchi ya Manyema. Misafara hiyo, ambayo mkubwa wake katika sifa alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, ilileta balaa nyingi ambazo hazifichiki, utumwa ukiwa mbele yake. Lakini pamoja na balaa hizo ilileta pia merikani, kitambaa kigumu kisichotiwa rangi kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kusafirishwa na wafanya biashara wa Salem, na kaniki ya Bara Hindi, na kanzu, na kofia, na sindano ya chuma, na lugha hii ninayoiandikia. Sasa, gome la mti lina tabia yake: nyuzinyuzi zake zimeshikana ovyo ovyo bila ya wima na mlalo, na kwa hiyo halifumuki pembeni wala halihitaji kukungwa. Merikani isipokungwa pindo hufumuka uzi mmoja mmoja hata isibaki nguo. Basi bibi wa huko aliyekunga pindo la merikani kwa mara ya kwanza alikuwa mwanafunzi wa mshono mpya, na yamkini sana hakuwa msichana, maana kitambaa cha thamani kama ile, ambacho kwa doti na kwa jora kilikuwa ndicho fedha ya safari, hakikabidhiwi mtoto ajifunzie. Leo pindo hilo huitwa kazi ya kawaida, wala hapana anayelikumbuka kuwa lilikuja kwa miguu kutoka Bahari ya Hindi.

Katika mitindo yote iliyotoka pwani sioni uliodai subira kushinda ule wa kofia ya bulibuli, inayoshonwa Unguja na Lamu na katika visiwa vya Ngazija, na kuvaliwa na Waislamu hata Kasongo na Goma. Kofia hiyo ina vipande viwili, duara ya juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na kila kipande ni tabaka mbili za kitambaa cheupe. Nakshi huchorwa kwanza kwa kalamu ya risasi. Kisha vitundu hutobolewa kimoja kimoja, na mdomo wa kila kitundu huzungushiwa uzi usipate kufumuka, na katika kofia zilizo bora zaidi uzi mnene hupenyezwa baina ya tabaka mbili hata maua na mizunguko yakainuka juu ya uso wa kitambaa yakapapasika kwa kidole. Kazi yote ni nyeupe juu ya nyeupe. Humchukua mshonaji majuma mengi, wakati mwingine miezi, na hushonwa na wake kwa waume, barazani na ukumbini, baina ya swala na swala. Huu ni mshono wa macho mapya na vidole vyepesi, na anayeuanza akiwa kijana huwa na miaka thelathini hivi ya kuufaidi kabla jicho halijaanza kumsaliti.

Kofia hiyo nayo ilihama. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964 familia nyingi zenye asili ya Omani zilitawanyika, na tangu mwaka 1970, Sultani Qaboos alipotwaa ufalme na kuwaita watu wake waliokuwa ng'ambo warejee kuijenga nchi, wengi katika waliofika Maskati walifika na sindano. Kofia ya Unguja, ambayo huko huitwa kumma, imekuwa vazi la heshima la mwanamume wa Omani, na wanawake wengi wamejipatia riziki kwa kuidarizi. Fikiria hali ya bibi aliyekwisha kushona weupe kwa weupe tangu ujana wake Ng'ambo au Malindi ya Unguja, akakuta wanunuzi wa Maskati wanataka kahawia, buluu, dhahabu na kijani katika kofia moja. Kitundu ni kile kile na mzunguko wa uzi ni ule ule, lakini hesabu imebadilika, maana penye weupe kosa la mpango hufichika na penye rangi hujitangaza lenyewe kwa kila apitaye. Waliokataa kujifunza hesabu hiyo waliwaachia soko wenye mashini.

Kwa upande wa bara, mtindo mpya uliingia kwa mlango mwingine, nao ulikuwa mlango wa misheni. Mapadri Weupe na Masista Weupe, na baada yao Waprotestanti wa namna mbalimbali, walifungua Kivu shule na vyumba vya kushonea, na makampuni ya madini huko Katanga yakafanya vivyo hivyo kwa wake wa wafanya kazi wao. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya Wabelgiji ikaongeza nyumba zilizoitwa foaye sosiali, mojawapo ikiwa ile ya Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, iliyofanya kazi tangu mwaka 1946 hata 1960, ambako wanawake walifundishwa kushona, kutia viraka, kufuma sufi, kupiga pasi na kupika, na mabibi wa Kizungu wakawatembelea majumbani kutazama kama mafundisho yametiwa katika matendo. Makusudi hayakuwa kumpa mwanamke chumo la kujipatia chakula chake. Ufundi wa mshahara walipewa wanaume, na mwanamke alipewa sindano kama adabu, ili awe mke wa kustahili nyumba ya karani. Sioni haya kusema kwamba mpango huo ulikuwa wa dharau. Lakini wanawake, kwa hekima isiyoandikwa, walishika mishono wakayaacha mawaidha, na kitambaa cha mshono wa msalaba, wa nyekundu na buluu, kilichotandikwa juu ya meza ya mgeni, na kimia cha kiti kilichofumwa kwa sindano ya ndoano, vikawa mali yao, vikauzwa sokoni, vikapelekwa arusini na matangani, vikafundishwa na mama kwa binti bila ya sista yeyote kuwapo.

Mishono hiyo ya misheni ilikuwa na asili ndefu nyuma yake. Mwaka 1886 mwanamke wa Austria, Thérèse de Dillmont, aliyeshirikiana na kampuni ya nyuzi ya DMC ya mji wa Mulhouse katika Alsace, alichapisha Encyclopédie des ouvrages de dames, kitabu kinene kilichokusanya kazi za sindano za mataifa mengi na kufasiriwa katika lugha nyingi. Mwaka huo huo wa 1886 Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan wa Unguja, aliyekuwa akiishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake, na katika mengi aliyoyasimulia aliwaeleza wasomaji wa Ulaya jinsi mabibi wa majumba ya Unguja walivyoutumia wakati wao katika kushona na kudarizi. Mito hii miwili ya elimu, mmoja wa Alsace na mmoja wa Unguja, ilikuja kukutana katika nyumba za Kivu, mkeka mmoja ukikaliwa na mwenye kofia ya mumewe mapajani na mwenye kitambaa cha msalaba, kila mmoja akiuchungulia mkono wa mwenzake.

Na asiseme mtu kwamba kupenda jambo jipya ni ugonjwa ulioletwa na wageni. Wakuba wa Kasai, ambao darizi yao imetukuzwa kushinda zote za Kongo, walikuwa na mapenzi hayo kabla ya kuonana na mgeni yeyote mwenye kitabu cha mishono. Kwao wanaume hufuma kitambaa kwa majani ya mwale, na wanawake hukidarizi. Mwanamke hulainisha uzi wa mwale kwa kuusugua, huutia katika sindano, huupitisha chini ya uzi mmoja wa kitambaa bila ya kuutokeza upande wa pili, kisha huukata kwa kisu kidogo ncha zote mbili zikabaki zimesimama fupi kama manyoya. Hapana fundo, kinachoushika uzi ni kubana kwa kitambaa chenyewe. Maelfu ya ncha hizo hufanya kile ambacho Wafaransa wamekiita mahameli ya Kasai, na anayekishona hana mchoro mbele yake, ila anachokikumbuka na anachokizua papo hapo, na kwa hiyo nakshi ikiwa imeanza kwa utaratibu pembeni mara hugeuka katikati, ikavunja njia, ikaingia katika umbo lingine, na jicho la mtazamaji likafuata kwa furaha. Wajuzi husema kwamba hata viraka vya nguo zao ndefu za kuchezea ngoma, ambavyo leo huhesabiwa kuwa nakshi, vilianza kwa dharura: kitambaa kilipopondwa ili kilainike kilitoboka, tundu likatiwa kiraka, kiraka kikapendeza, na baadaye vikatiwa viraka mahali pasipo na tundu. Husimuliwa tena kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimpelekea mfalme wa Wakuba pikipiki wakidhani atapigwa na butwaa, naye akaiangalia bila ya shauku. Kilichomstaajabisha ni alama za magurudumu yake mchangani, akaamuru zinakiliwe, na nakshi ile ikaitwa kwa jina lake.

Nguo hizo zilifika mbali. William Sheppard, mmisionari Mwamerika mweusi aliyeingia katika mji mkuu wa Wakuba mwaka 1892, alizikusanya, na nyingine zimehifadhiwa hata sasa katika chuo cha Hampton huko Virginia. Mchoraji Henri Matisse, aliyezaliwa mwaka 1869 katika pande za kaskazini za Ufaransa zenye viwanda vya nguo, alizitundika ukutani katika chumba chake cha kazi. Mwaka 1941 Matisse alipasuliwa tumbo, akabaki mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu, asiyeweza tena kusimama mbele ya picha kwa saa nyingi. Akashika mkasi, akaanza kukata karatasi zilizopakwa rangi na kuzipanga, na kwa mtindo huo mpya, alioushika akiwa amepita miaka 70, akafanya kazi ambazo wengi huziona kuwa miongoni mwa bora alizopata kufanya hata alipofariki mwaka 1954. Siwezi kudai kwamba wanawake wa Kasai ndio waliomfundisha. Alizitazama nguo zao kila siku, naye mwenyewe alisema alizistaajabia, nami nastarehe kujua kwamba mzee yule alijifunza upya mbele ya kazi ya mabibi ambao hakuna aliyewauliza majina yao.

Tukirudi Kivu, wanaume nao wana kisa chao. Fundi aliyefungua baraza yake Goma au Bukavu mwaka wa uhuru, 1960, alijifunza kwanza koti la Kizungu, lenye ukosi uliotiwa kitambaa kigumu ndani na kifua kinacholala sawasawa, kwa kuwa karani na mwalimu hawakutaka vinginevyo. Haukupita muda mrefu Rais Mobutu akaibadili nchi jina, ikawa Zaïre tarehe 27 Oktoba 1971, na kwa jina la uasilia tai na suti zikapigwa marufuku. Yule fundi akaacha ukosi wa koti akajifunza wa abakosti, uliofungwa karibu na shingo bila ya tai, na wanawake waliokatazwa suruali na nguo fupi wakarejea kwake na vikwembe vya kushonewa libaya, yaani blauzi ya kike, ambayo mabega yake, kwa jinsi yalivyovimba na kupandishwa, yalikuwa mtihani peke yake. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja, na tai zikaruhusiwa. Fundi, ambaye sasa nywele zimepata mvi, akalifufua koti alilokuwa ameliweka katika kumbukumbu ya vidole kwa karibu miaka ishirini. Kisha mitumba ikaingia kwa wingi hata watu wakawa hawashoni suti mpya, naye akageuka kuwa mkataji na mrekebishaji wa suti za marehemu wa Ulaya. Na kizazi kilichofuata kikamletea bazeni, kitambaa king'aacho kinachofumwa Austria na kupendwa na Afrika ya Magharibi, kikataka kitiwe darizi kifuani kwa mashini. Mtu huyo hakuhama mtaa wake, lakini dola, sheria na soko vimemhamisha mitindo mitano, na hapana mmoja katika hiyo aliouchagua.

Kuhusu darizi ya mashini juu ya bazeni nitasema lililo moyoni mwangu: nyingi naziona ni kelele. Uzi unang'aa, kitambaa kinang'aa, na jicho halipati pa kupumzika. Lakini nimewaona mafundi ambao, kwa kuwa walianza na sindano ya mkono, huiongoza mashini taratibu, wakaacha nafasi tupu baina ya nakshi na nakshi, na kazi yao hutambulikana toka mbali.

Hilo hutufikisha kwenye lile neno la pili, la umri. Yapata mwaka wa arobaini wa maisha, kioo kilicho ndani ya jicho huanza kukakamaa, na kila mwaka tundu la sindano huzidi kuwa mbali. Baadaye viungo vya vidole hushikwa na baridi yabisi, na kidole gumba hulalamika usiku. Huu ndio wakati ambapo mshonaji mwenye mtindo mmoja tu huiweka sindano chini, akasema kazi imemshinda. Haikumshinda kazi, umemshinda mtindo ule. Bibi aliyekuwa akishona weupe kwa weupe anaweza kufuma kimia kwa sindano ya ndoano, ambacho vidole hukihesabu bila ya macho, hata gizani taa ikiwa imezimwa kwa kukosa mafuta. Au anaweza kushika sufi nene na kitambaa cha matundu makubwa. Au akaunganisha vipande vya vikwembe, ambapo elimu inayohitajika ni ya rangi na mpango, na hiyo huongezeka kwa uzee. Anna Mary Robertson Moses, mwanamke wa mashambani wa jimbo la New York aliyezaliwa mwaka 1860, alishona picha za sufi hata mikono ikamuuma, akashika brashi alipokuwa amevuka miaka 70, na dunia ikamjua kwa jina la Grandma Moses hadi alipofariki mwaka 1961. Aliyaleta katika rangi macho yaliyokwisha kufunzwa na sindano.

Mkono mzee unaposhika mshono mpya una shida zake, nazo ni tofauti na za mtoto. Mtoto hajui kubana uzi wala kuulegeza. Mzee anajua kubana kwa namna moja tu. Mshonaji wa mashati akianza darizi huvuta uzi kama anayefunga kifungo, na kitambaa kikajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Dawa yake ni kuwamba kitambaa katika duara mbili za mti zinazoingiana, ili duara yenyewe iushinde mkono, na kufanya hivyo mpaka mkono ukubali. Na sindano iwe ya namba ndogo, kwa kuwa katika sindano za mkono namba inavyopanda ndivyo wembamba unavyozidi. Asijifunzie kitambaa kipya cha bei. Kikwembe kikuukuu kilichopauka ni mwalimu bora: maua yake yamekwisha kuchorwa na kiwanda, na mshonaji akiyafuata kwa uzi wa rangi hupata kujaribu mishono kumi katika nguo moja, wala hahitaji kalamu ya risasi. Kitambaa hicho cha majaribio asikitupe. Katika nyumba isiyo na kitabu ndicho kitabu, na binti akitaka kujua mshono fulani ulikwendaje atakigeuza upande wa nyuma akausoma.

Ng'ambo ya mpaka, huko Rutongo karibu na Kigali, uko mfano ambao watu wa Kivu wangefaa kuutazama. Mwaka 1997, miaka mitatu baada ya mauaji ya kimbari, Christiane Rwagatare alianzisha karakana ya darizi ya Savane Rutongo-Kabuye, ambamo wanawake waliokuwa wametenganishwa na mambo mazito kuliko nitakavyoweza kuyaandika hapa waliketi pamoja wakashona. Kutoka katika vitambaa vya nyumbani walivuka hadi picha kubwa za kutundikwa ukutani, zenye watu sokoni, ng'ombe, milima na ndege, uzi ukiwekwa juu ya uzi wa rangi jirani kama mchoraji achanganyavyo rangi, na kazi hizo zimeonyeshwa Marekani. Hawakupata ustadi huo kwa kozi moja. Walikaa karakanani miaka, mshono ukazaa mshono.

Kongo ya mashariki haikosi mahali ambapo sindano imetumika kuponya. Huko Goma, hospitali ya HEAL Africa, iliyoasisiwa mwaka 2000 na Jo Lusi na mkewe Lyn, imewafundisha kushona wanawake wanaongojea au waliokwisha kufanyiwa upasuaji. Na Bukavu, kandokando ya hospitali ya Panzi ya Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, wanawake waliotibiwa wamepewa mafunzo ya kazi, kushona kukiwa mojawapo. Shule za serikali nazo zimeufanya ukataji na ushonaji kuwa mkondo kamili wa sekondari. Hayo ni mema, na anayeyabeza hajui msiba wa huku.

Nung'uniko langu ni juu ya desturi iliyoenea kando ya hayo, ya miradi inayokuja na kuondoka. Mwanamke aliyehama Buleusa hufundishwa bandi na pindo mahali pa kwanza alipokimbilia. Akirudi nyumbani na kuhama tena, hufundishwa bandi na pindo mahali pa pili. Vita vilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025 na kambi za kandokando ya mji zikavunjwa, wangapi walioanza bandi na pindo kwa mara ya tatu? Hupewa cheti kila mara. Hapana aliyemwuliza kama anajua kutia msalaba, kama mama yake alifuma kimia, kama amewahi kushona libaya ya arusi kwa mkono mashini ilipokuwa haipo. Anayefundisha huhesabu vichwa vya wanafunzi wapya, maana ndivyo anavyotakiwa na aliyempa fedha, na mwanafunzi wa zamani aliyepanda daraja hana safu katika daftari. Kwa hesabu hiyo nchi nzima itajaa watu waliojua mwanzo wa kazi, na vitambaa vya meza vitaendelea kununuliwa kutoka Uchina.

Basi kama uko miongoni mwa wale wanaopeleka misaada ya kazi za mikono katika pande za Walikale na Masisi, au una jamaa aliye miongoni mwao, nakuomba umfikishie haya. Siku ya kwanza pasifundishwe kitu. Kila mwanamke apewe uzi na kitambaa, ashone anachokijua, na vitambaa vitandikwe chini watu wavitazame. Wenye mshono mmoja wawafundishe wenye mwingine, na walipwe kwa kazi hiyo kama mwalimu anavyolipwa. Mwalimu wa kutoka mjini aje nyuma yao, na aje na mtindo ambao hapana aliyeujua. Na katika mzigo wake, pamoja na nyuzi za rangi zisizochuja na sindano za namba ndogo, atie miwani ya kusomea, kwa kuwa bei yake ni ndogo na wenye kuihitaji ndio wenye elimu nyingi zaidi kambini.